Komwe Moja Chini ya Mkeka

Msambweni, Jumanne, 8 Oktoba 1957

Daftari hili nililinunua kwa kuandikia vipimo vya milango na vitanda. Sasa sitapima mlango wala kitanda mpaka mguu upone, basi bora niandike humu lolote litakalokuja kuliko kulala chali nikitazama makuti. Niliteleza juu ya paa la watu, nikavunjika mfupa wa muundi. Hospitalini wamenifunga plasta mpaka gotini na kuniambia miezi miwili, pengine na zaidi. Kila anayekuja kunitazama husema, "Pole, fundi, ajali haina kinga." Nimechoka kuitikia.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli. Panavuja juu ya mtungi. Mbeyu, mke wangu, amesogeza mtungi, akanitazama, akasema, "Kinyozi hajinyoi." Kisha akaenda zake kushona makuti.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mwalimu Mwinga wa skuli ya huku juu amekuja kunijulia hali. Madawati ya skuli yake niliyatengeneza mimi, na kila akiniona hukumbusha kwamba moja linachezacheza. Leo hakulitaja, ndipo nikajua ana jambo.

"Mwezi wa Januari tunachukua darasa jipya, fundi, na wasichana pia," ameniambia. "Lakini nafasi ni chache. Nitakaa mezani na kila mtoto. Ahesabu mpaka ishirini, na aweze kujumlisha vitu vidogo vidogo. Asiyeweza atangoja mwaka mwingine."

"Na Esha wangu?"

"Esha ana miaka saba na kitu. Akingoja, watasema amepita umri. Mfundishe hapa hapa nyumbani, maadam umekaa."

Maadam umekaa! Kana kwamba nimekaa kwa kupenda.

Mama yangu, Bi Mwanafatuma, alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Akauliza, "Atafundishwa kuhesabu nini huko?"

"Kila kitu, bibi," akajibu Mwalimu Mwinga.

"Kila kitu," mama akarudia, akachukua ungo wake akaingia ndani.

Nataka Esha aende skuli, tena nataka sana. Mdogo wake, Salimu, alichukuliwa na surua mwaka jana, vuli kama hii, hata miaka mitano hajatimiza. Tangu hapo Esha amekuwa mtoto wa maneno machache. Hucheza peke yake pembeni ya nyumba, na ukimwita huja mara moja, bila ubishi, kama mgeni. Mwanatumu, mtoto wetu mchanga, bado ni wa kunyonya, hawezi kuwa mwenzake. Nataka huyu mtoto aende mahali penye watoto wengi na kelele.

Jumatatu, 14 Oktoba

Somo la kwanza. Nimemketisha Esha mkekani barazani, nikamwaga komwe za bao langu. Bao limelala tangu nianguke, kwa kuwa wenzangu wa kucheza wana miguu ya kwendea kwingine.

Kuhesabu anajua, tena kwa mahadhi, kama anavyosoma Kurani chuoni. Nikamwekea komwe tatu huku na mbili huku. "Ukizitia pamoja, zote ngapi?"

Akazikusanya, akazipapasa muda mrefu, akasema, "Nne."

"Na nne na tatu?"

"Sita."

Nikacheka. Haidhuru, ndiyo kwanza tunaanza.

Jumatano, 16 Oktoba

Tatu na tatu ni tano. Mvua.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimefikiri kwamba mtoto hujifunza kwa mchezo, nami nilikuwa nikimkalisha kama chuoni. Basi leo nimemwambia achimbe kishimo cha mdako hapa chini ya upenu. Vijiwe vinakaa shimoni. Unarusha kimoja juu, na kabla hakijarudi mkononi umeshavitoa vingine. Mkono wa Esha ni mwepesi kweli. Nilijaribu mimi nikakikosa kijiwe, kikanipiga kwenye plasta, naye akacheka. Nilikuwa nimeisahau sauti ya kicheko chake.

"Umetoa vinne," nikamwambia. "Shimoni vimebaki vitano. Vyote ni vingapi?"

Kicheko kikaisha. "Vinane," akasema.

Cha ajabu, kupunguza hakosei. Ukimwambia saba toa tatu, hujibu kabla hujafunga mdomo. Mwanangu anajua kutoa, hajui kujumlisha. Nilidhani binadamu huzaliwa kinyume chake.

Jumatatu, 21 Oktoba

Komwe za bao zinapungua. Mbeyu anasema ni panya. Panya gani wa kula komwe? Angehitaji meno ya chuma.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nilikuwa na furaha asubuhi. Niliagiza msumeno wangu mdogo na vipande vya mvule vilivyobaki kwenye mlango wa mwisho, nikakata vijiti: cha moja, cha mbili, cha tatu, mpaka cha kumi. Nikavipiga msasa visimchome mtoto. Ukikilaza cha tatu na cha mbili vikafuatana, halafu ukaweka cha tano ubavuni mwao, vinalingana sawasawa. Mtoto hahitaji hata kuhesabu, macho yanatosha. Nilijiona bingwa.

Esha alivipanga vizuri, akapitisha kidole kwenye ncha. "Vimelingana, baba."

"Umeona! Basi tatu na mbili ni ngapi?"

Akavitazama vijiti. Akanitazama mimi. "Nne."

Nikapiga sakafu kwa gongo langu na kufoka. Nilimwambia kwamba ana macho lakini haoni, na mengine nisiyotaka kuyaandika. Esha hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alivikusanya vijiti kimoja kimoja, akaniwekea karibu na mkono wangu, akaenda zake.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mama amepika vitumbua kama kawaida yake ya kila Ijumaa, moshi ukimwingia machoni kwa unyevu wa kuni. Nimekula vyangu kimya. Mbeyu hasemi nami kwa ajili ya jana.

Jumatano, 30 Oktoba

Watu wanasema Warusi wamerusha mwezi wao wenyewe, unaizunguka dunia. Mimi hapa nimeshindwa na tatu na mbili.

Jumamosi, 2 Novemba

Kukaa nyumbani mchana kutwa kumenifanya niijue nyumba yangu upya. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yangu ni ya plasta. Naona mambo ambayo kila siku yalipita mimi nikiwa kazini.

Leo amepita mama mmoja wa Kinondo akiuza samaki. Wakasalimiana na mama kwa urefu, wakafika kwenye wajukuu. "Unao wangapi sasa, Bi Mwanafatuma?"

"Wapo, alhamdulillahi."

"Na kuku wako wale?"

"Wapo."

Mama ndivyo alivyo. Hahesabu watu, hahesabu kitu chenye roho. Mwaka ule serikali ilipohesabu watu, karani alifika hapa na karatasi zake, na mama akajifungia msalani mpaka alipoondoka. Mimi ndiye niliyejibu, na mama akaninunia wiki nzima. Zamani nilikuwa nikichekea jambo hili. Leo sikucheka. Nimejiambia kwamba kumbe ndiye anayeniharibia kazi: mimi nafundisha kuhesabu huku barazani, na huko jikoni mtoto anafundishwa kwamba hesabu ni haramu. Nimemkasirikia mama yangu, na nimekaa na hasira hiyo mpaka magharibi.

Jumatano, 6 Novemba

Siku mbaya.

Nilisema tuache komwe na vijiti, tuhesabu kitu anachokijua. Nikamwuliza Esha, taratibu kabisa, "Hapa nyumbani tuko wangapi? Anza na baba na mama. Mtie bibi. Sasa ni wangapi?"

Alikiinua kidole cha shahada kama anayetaka kuonyesha, kisha akakitia mdomoni akakiuma. Si kuuma kwa mchezo. Nilikivuta kidole nikaona alama za meno, na karibu zitoke damu. Akanikwepa, akatoka mbio mvuani.

Mama alikuwa mlangoni. Ameweka ungo chini. "Othman, hivyo havifanywi."

"Mama, mwalimu atamwuliza zaidi ya hayo."

"Basi amwulize nazi. Nazi si chache."

"Wewe ndiye unayemtia mtoto hofu, mama."

Sijawahi kumwambia mama yangu neno kama hilo. Amejitanda kanga yake akaenda kumtafuta mtoto mvuani, na mimi nimebaki barazani na mguu wangu mweupe.

Ijumaa, 8 Novemba

Leo sina budi kuandika kwa kirefu.

Asubuhi Mbeyu alikunja mkeka wa barazani ili afagie. Akasimama, akaniita. Pale Esha anapokaa kila siku, chini ya mkeka, palikuwa na komwe. Nyingi. Zilikuwa zimelala pamoja, safi, kama zilizotunzwa.

"Panya wako," nikamwambia Mbeyu.

Nimezitazama komwe zile mpaka kichwa kikaniuma. Kisha nikaanza kuyakumbuka majibu yote. Tatu na mbili ni nne. Nne na tatu ni sita. Tatu na tatu ni tano. Nne na tano ni nane. Mtoto asiyejua hukosea huku na huku, leo hupunguza, kesho huzidisha. Huyu hakuzidisha hata mara moja. Siku zote amepunguza moja. Fundi akiona kila ubao wake umekatwa pungufu kwa kiasi kile kile, halaumu mkono. Huutazama upya ule ufito anaopimia. Na mimi fundi nimelaumu mkono wa mtoto mwezi mzima.

Nikamwita. Alipoziona komwe mbele yangu alisimama mbali.

"Njoo, mwanangu. Sikugombezi. Hizi umezificha wewe?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Kila tukijumlisha, unaificha moja?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini?"

"Ili zisitimie."

"Zikitimia kuna nini?"

Akasugua mguu mmoja juu ya mwingine. Kisha akasema, akitazama miguu yake, "Watu wakitimia, mmoja huondoka."

"Hizi ni komwe, Esha. Si watu."

"Najizoeza," akasema. "Nisije nikasahau."

Nikamwuliza nani kamwambia hayo. Hakutaka. Nikamvuta karibu, akakaa kwenye mguu wangu mzima, na maneno yakatoka kidogo kidogo, mengi kuliko yote niliyoyasikia kwake mwaka huu. Kwamba vuli iliyopita walikuwa wamelala mkekani mchana, yeye na Salimu na watoto wa jirani. Kwamba alikuwa ametoka kujifunza kuhesabu, akawanyooshea kidole mmoja mmoja, akawajumlisha na yeye mwenyewe, akapata wote. Kwamba bibi alimsikia, akamkamata mkono, akamwambia aume kidole upesi, watu hawahesabiwi, ukiwahesabu mmoja huondoka.

"Nikakiuma," akasema, "lakini sikukiuma sana. Kilikuwa kinauma. Kisha Salimu akashikwa na homa."

Nimeishi na mtoto huyu mwaka mzima katika nyumba moja. Nimekula naye, nimemnunulia gauni la Idi, nimemfokea kwa ajili ya tatu na mbili. Sikujua kwamba anakaa na maiti ya mdogo wake mikononi. Nimelia mbele yake, wala sioni haya kuandika. Yeye ndiye aliyenifuta machozi kwa ncha ya leso yake.

Jumamosi, 9 Novemba

Nilimngoja mama amalize dhuhuri. Nilikuwa nimepanga maneno makali, nimeyapiga msasa tangu alfajiri. Nilipomweleza aliyoniambia Esha, alikuwa ameshika tasbihi, na tasbihi ikasimama.

Mvua ilikuwa imekatika, ikasikika sauti ya Mbeyu nyuma ya nyumba akimbembeleza Mwanatumu.

"Nilimwambia nilivyoambiwa," mama akasema mwishoni. "Mama yangu aliniamuru niume kidole, na nyanya yangu alimwamuru yeye. Sote tuliuma, tukaenda kucheza. Sikujua kwamba huyu ameshika na mengine."

"Anaamini amemwua nduguye, mama."

"Nimesikia, Othman. Usilirudie."

Akajifunika uso kwa kanga. Machozi ya mama sikuyaona tangu siku ya maziko. Maneno yangu yote niliyoyapanga yakanishinda kutumia. Nilikuwa nimemfikiria mama kuwa ni mlango uliofungwa. Kumbe alikuwa nyuma ya mlango amesimama, anaogopa kama mtoto, anawaficha wajukuu wake kwa neno moja tu analolijua: wapo.

Baadaye akainuka. "Wewe endelea kumfunza mbao zako," akaniambia. "Watu niachie mimi."

Jumanne, 12 Novemba

Hakuna somo. Nimemwambia Esha acheze. Mvua kutwa.

Ijumaa, 15 Novemba

Mama alimwita Esha jikoni asubuhi, nami nikajikokota kwa magongo mpaka mlangoni, nikajifanya naota moto.

Chuma cha vitumbua cha mama kina matundu saba, sita mzunguko na moja katikati. Alimpa Esha upawa. "Leo mpishi ni wewe. Tia unga, tundu kwa tundu. Usiogope, vitumbua havina roho. Hivi unaweza kuvihesabu mpaka ukachoka."

Esha alimwaga unga mwingine motoni, mama hakumgombeza. Vikageuzwa, vikaiva, vikaingia sahanini. Mkupuo wa pili unga haukutosha kujaza chuma.

"Kwanza tulitoa vingapi?"

"Saba, bibi."

"Na sasa?"

"Vitano."

"Vyote?"

Nikaona mkono wa Esha unanyemelea sahani, unachukua kitumbua kimoja na kukitia chini ya kawa. "Kumi na kimoja," akasema.

Mama hakusema kwamba amekosea. Alianza kugawa, viwili viwili, juu ya kipande cha jani la mgomba. "Hivi vya bibi. Hivi vya baba yako anayechungulia pale mlangoni. Hivi vya mama yako. Hivi vyako wewe. Hivi vya Mwanatumu, meno hana, atamlia mamaye." Kikabaki kitumbua kimoja sahanini. Mama akakitazama. "Na hiki, mwenzake yuko wapi?"

Esha akatazama kawa.

Mama akafunua kawa polepole, akakitoa kile kilichofichwa, akakiweka pamoja na mwenzake. "Hivi ni vya Salimu," akasema.

Moto ulikuwa unalia kwa unyevu wa kuni. Esha alimtazama bibi yake kama ambaye hajapata kumwona.

"Tangu alipoondoka," mama akasema, "kila Ijumaa mimi humtolea vyake. Huwapa watoto wa chuoni wapitao hapa, sadaka yake, Mungu amfikishie. Wewe mwenyewe umewapelekea mara nyingi, hukuuliza ni vya nani. Basi nimewahesabu nyinyi nyote, Ijumaa zote hizo, kwa vitumbua. Na yeye yumo. Niambie, Esha. Tangu hapo ni nani aliyeondoka?"

Esha alifikiri. Nilimwona akitupitia mmoja mmoja kwa macho, bila kidole. "Hapana mtu," akasema.

"Hapana mtu. Na surua mwaka jana iliingia nyumba hii na ile na ile, hata nyumba za watu wasiojua kuhesabu mpaka tatu. Haikufuata kidole chako. Siku ya Salimu aliiandika Mwenyezi Mungu kabla wewe hujazaliwa. Mimi nilikuambia neno la kukukanya, nikaliacha likue bila mimi kulitazama. Nisamehe, mjukuu wangu."

Mtu mzima kumwomba mtoto msamaha, sijapata kuona. Esha naye hakujua la kufanya, akamshika bibi yake mkono akambusu, kama anavyofanya akimwamkia.

"Vyote vingapi, basi?" mama akauliza.

Mkono wake ulisogea tena mpaka karibu na sahani, ukarudi.

"Kumi na viwili."

"Kula," mama akasema.

Jumatatu, 18 Novemba

Nilidhani mambo yamekwisha. Komwe nne na mbili ni tano, na moja iko chini ya mkeka. Niliinua mkeka nikaiacha pale pale, nikaufunika.

Alhamisi, 21 Novemba

Vivyo hivyo. Lakini mdako anaucheza na watoto wa jirani sasa, na nimewasikia wakigombana.

Ijumaa, 22 Novemba

Saba na tano. Kumi na viwili. Kwa vitumbua hakosei tena. Viwili vya Salimu amevipeleka mwenyewe mpaka njiani.

Jumanne, 3 Desemba

Wamenikata plasta. Mguu umetoka mwembamba, umepauka, una haya kama mwari. Natembea kwa mkongojo mmoja.

Niliporudi Esha alikuwa barazani na vijiti vyangu vya mvule. Hakujua nimefika. Alilaza cha tatu, akafuatisha cha mbili, akaweka cha tano ubavuni. Akasema peke yake, kwa sauti ndogo, "Tano." Akangoja. Akatazama huku na huku, ndani, jikoni, kwa bibi yake, kwa Mwanatumu aliyelala. Kisha akasema tena, kwa nguvu kidogo, "Tano."

Nimekaa nje mpaka alipomaliza.

Jumamosi, 14 Desemba

Korosho zimeanza kuanguka. Mama na Esha wanaziokota pamoja na kuziweka mafungu. Nimemsikia mama akiuliza, "Fungu hili na hili?" na Esha akimjibu upesi, na mama akinyamaza kidogo, maana na yeye anazijumlisha kwanza. Chini ya mkeka hapana kitu siku nyingi sasa. Komwe zimerudi na bao limetimia.

Jirani aliyepita aliuliza habari za wajukuu. "Wapo, alhamdulillahi," akasema mama. Hilo halitabadilika, wala sitaki tena libadilike. Mimi ni mtu wa vipimo, lakini naona sasa kwamba vipo vya kupimwa na vipo vya kuombewa, na mama anavijua vyote viwili vinapokaa.

Jumapili, 29 Desemba

Kuna jambo moja linanisumbua. Mwalimu Mwinga ana desturi ya kuwapoza watoto kwa maswali ya nyumbani. Nimewahi kumsikia nikiwa natengeneza yale madawati: Kwenu wapi, mko wangapi? Nilitaka kumwonya asimwulize Esha hilo, lakini amekwenda kwao kwa Krismasi, atarudi siku ya skuli yenyewe. Kwa vitumbua mtoto ametulia. Akiulizwa watu, mbele ya wageni, sijui. Naogopa kidole kile kitarudi mdomoni, na mwalimu ataona mtoto asiyeweza kusema nyumba yao ina watu wangapi.

Nimemwambia mama. Akasema, "Na mimi nitakuja."

Jumatatu, 6 Januari 1958

Tulikwenda sote watatu, mimi na mkongojo wangu, mama na buibui lake, Esha katikati na nywele zilizosukwa jana na Mbeyu mpaka macho yakavutika. Mvua zimekwisha, njia imekauka. Mama hajawahi kukanyaga skuli. Alipofika mlangoni alivua viatu, na Mwalimu Mwinga alipomwambia, "Shikamoo bibi, pita tu na viatu," akajibu "Marahaba" na kuviacha nje vile vile.

Mwalimu alimketisha Esha kwenye dawati, lile linalochezacheza, nikalitambua. Akamwekea vijiwe. Esha akahesabu mpaka ishirini bila kupumua. Nne na tatu? Saba. Sita na mbili? Nane. Tano na tano? Kumi. Nilikuwa nimeshika mkongojo kwa mikono miwili. Hakuna kijiwe kilichopotea mezani.

"Ahsante, Esha, umefanya vizuri sana," akasema Mwalimu Mwinga, akavuta karatasi yake aandike jina. Ndipo akauliza, kwa wema kabisa, hata bila kuinua uso, "Na nyumbani kwenu mko wangapi?"

Kidole kikainuka. Nilikiona kinavyoinuka. Esha aligeuka kumtazama bibi yake pale mlangoni, na mama hakutikisa kichwa, hakufanya ishara yoyote, alimtazama tu kama anavyomtazama jikoni unga ukiwa motoni.

Esha akashusha kidole. Akavivuta vijiwe vya mwalimu, akaanza kuvipanga, viwili viwili. "Vya bibi," akasema. "Vya baba. Vya mama. Vyangu. Vya Mwanatumu."

Mwalimu akatabasamu, kalamu tayari. Lakini Esha hakuwa amemaliza. Alichukua viwili vingine, akaviweka ukingoni mwa dawati, peke yao, akavinyoosha vikae sawa.

"Na hivi?" Mwalimu Mwinga akauliza.

"Vya Salimu."

Mwalimu alikuwepo mazikoni. Alishika jeneza pamoja nasi. Akavitazama vile vijiwe viwili. "Na vyote pamoja, Esha?"

"Kumi na viwili."

"Kumi na viwili, viwili viwili," akasema polepole. "Basi mko sita."

Msimu mzima nimemfokea mwanangu kwa ajili ya moja iliyopungua. Sisi tunaolala chini ya paa lile linalovuja ni watano. Mwalimu aliinua kalamu akanitazama mimi, baba mtu, nimsahihishe.

"Andika, mwalimu," nikamwambia. "Hesabu imetimia."